Kisigino Mara Mbili

Wasichana wangu wa chumba cha pasi, siku ile munaniaga muliniuliza neno moja, nami sikujibu, maana mulikuwa munalia na keki ilikuwa inaisha. Machozi mengi kwa mutu ambaye aliwagombeza kila asubuhi. Muliuliza kwa nini king'ora cha boti kikilia, sisi wote tunapiga kisigino chini mara mbili kabla ya kuweka pasi juu ya jiwe. Mumoja wenu akasema ni kufukuza pepo za muto. Mwingine akasema ni heshima kwa kapiteni. Mambo ya bure. Sasa nimekaa kwangu Mangobo, miguu juu ya kiti, wajukuu wameenda masomoni, na jibu liko hapa. Mukono wangu unajua pasi kuliko kalamu, donc, basi, musome polepole, na musicheke maandishi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Wazungu waliita muji huu Stanleyville, sisi kati yetu tuliuita Kisangani kama leo. Nilikuwa mujane kijana, mutoto mumoja mugongoni, nikasikia kwamba dobi ya bandarini, ile nyumba ya kufua nguo za boti, inatafuta wanamuke wenye mikono. Wanamuke wa kazi walikuwa wachache wakati ule. Jirani zangu walisema mwanamuke anayetoka asubuhi na kurudi jioni anatafuta bwana, hatafuti kazi. Niliwaacha waseme. Nilitoka asubuhi, nikarudi jioni, na bwana sikumuleta, mpaka wakachoka.

Ile asubuhi ya kwanza sitaisahau. Chumba cha pasi kilikuwa hiki hiki munachokijua, sakafu nusu saruji upande wa mulango wa barabara, nusu mbao upande wa muto, maana nyumba inasimama juu ya nguzo pale ardhi inaposhuka. Moshi wa makaa, harufu ya wanga wa muhogo, mashuka meupe mpaka juu kama ukuta. Moyo wangu uliruka. Sikuwa nimeona weupe mwingi namna ile mahali pamoja, hata kanisani siku ya Pasaka.

Mukubwa wa pasi alikuwa Mama Lofemba, mwanamuke mufupi wa Yanonge, binti wa mupiga ngoma wa kule. Alinipa pasi ya makaa, ile nzito yenye jogoo wa chuma wa kufungia kifuniko, akasema neno moja tu.

"Sikia pasi."

Mimi nikainama, nikapeleka sikio. Nilisikia makaa yanalia kidogo ndani, basi. Chumba chote kikapasuka kwa kicheko. Mama Lofemba hakucheka.

"Kwa sikio? Mutoto, unataka ikuambie habari za kwenu?"

Akachukua pasi, akaileta karibu na shavu lake, akafumba macho, akaileta karibu na langu. Nikasikia. Moto ulikuja polepole kama mutu anayekaribia mulangoni. Akanifundisha hivyo: shavu likitaka kukimbia, pasi ni kali kwa pamba, ni ya kitani nzito peke yake. Shavu likikubali, piga vesti, makoti ya mabaharia. Wanga ukinuka kama mukate, sawa. Ukinuka kama muhogo ulioungua, umeshachelewa. Mpaka leo sitaki pasi ya umeme yenye namba. Namba hazina shavu.

Muone sasa hilo neno letu, kusikia. Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia njaa. Na mutoto asiyetii, tunasema hasikii. Neno moja linabeba mizigo mingi kama mupagazi wa bandari. Mulishike, maana kesi yote ilitoka humo.

Halafu boti ya kwanza. Eeh, wasichana, nyinyi mumeona boti za siku hizi zinazokuja zikikohoa. Zile za wakati ule zilikuja zimewaka! King'ora kililia kule kwenye kona ya muto, na muji wote ukageuza kichwa. Wauza ndizi walikimbia, watoto walikimbia, na sisi damu ilipanda. Ndani ya saa chache mashuka ya vyumba vyote vya boti yalipanda kwetu, taulo, vitambaa vya meza, vesti nyeupe za maofisa zenye kola ngumu. Yote yafuliwe, yakaushwe, yapigwe pasi, yateremke tena kabla boti haijashuka muto. Nilifanya kazi kama mutu anayecheza ngoma. Nilifurahi mpaka nikaona haya kwa furaha yangu.

Boti ikitaka kwenda, king'ora kililia mara ya pili, na hapo palikuwa na sheria moja. Kapita wetu, Papa Bolamba, aliyesimamia wafanyakazi wote, alifungua milango miwili kwa mara moja, wapagazi waingie na kutoka. Upepo wa muto uliingia huku ukatokea kule. Pasi iliyo wazi hapo ilitema cheche kama moto wa kuchoma shamba. Donc, king'ora kikilia, haraka: pasi juu ya jiwe, kifuniko chini, jogoo ageuzwe. Usiulize, usimalize kola. Mawe hayo yalitoka kwenye maporomoko, wavuvi walituletea, na mengine munayatumia hata leo.

Mama Lofemba alitufundisha sheria hiyo kwa kofi la bega. Alikuwa akipita nyuma yako. King'ora kikilia na wewe haujaweka pasi, kofi. Kisha kofi halikuhitajika tena. Mukono ulijifunza kabla ya kichwa. Siku moja niko nyumbani ninasonga ugali, boti ikalia. Nikashitukia mwiko umelala juu ya jiwe la jikoni, nami nimesimama mikono mitupu. Na Jumapili moja, katikati ya sala, king'ora kilipolia, wanamuke wa dobi wote walionekana wameinua mukono wa kuume na kuuteremusha pembeni. Padri alifikiri ni Roho. Ilikuwa ni pasi.

Sasa Veronika.

Alikuja msimu wa mvua, binti murefu, mwembamba, mutu wa upande wa Opala. Mama yake alikuwa hapa hospitalini na kidonda kibaya cha muguu. Wakati ule mutu hakukaa muji huu namna alivyotaka. Bila kazi, karatasi yako ya kukaa ilikufa, polisi walikupandisha boti kurudi kwenu. Veronika alitafuta kazi ili abaki na mama yake, hakuna kingine. Alipewa meza ya mugeni, ile ya upande wa saruji karibu na mulango wa barabara.

Tulimusalimia, hakujibu. Siku nyingine alijibu, akatabasamu, siku nyingine alitupita kama nguzo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjika, basi tulisema, haelewi. Kisha tukaona anaelewa akitaka, tukasema, ni kiburi. Mama mumoja aliyeitwa Julienne, ulimi wake ulikuwa mukali kuliko sabuni ya soda, alisema watu wa Opala wanazaliwa na shingo ya mbao. Papa Bolamba alimuita mara tatu kutoka mulangoni aje achukue kikapu, yeye anaendelea kupiga pasi, mugongo umegeuka, utulivu kabisa.

"Huyu hasikii," Papa Bolamba akasema.

Basi, jina likamushika. Hata sisi tuliacha kumuita Veronika. Hasikii yuko wapi, Hasikii ameweka wapi ndoo. Na mutu ukishamupa jina, macho yako yanafanya kazi ya jina. Akichelewa kugeuka, unasema, si unaona? Akigeuka haraka, haumuoni.

Siku ya boti yake ya kwanza mambo yaliharibika. King'ora kilipolia mara ya pili, sisi wote pasi zilikwenda juu ya jiwe kama askari. Milango ikafunguliwa. Yeye, mugongo kwa mulango, aliendelea, kifuniko cha pasi kimelegea. Upepo ukaingia, cheche zikaruka, na kitambaa kikubwa cha meza ya kapiteni kikatoboka mbele yetu, tundu baada ya tundu, kingo nyeusi. Julienne alimwaga ndoo ya maji juu. Papa Bolamba alisimama mbele ya Veronika, akaongea polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko makelele.

"Mara hii nitalipa mimi kwa uso wangu kwa muzungu mwenye dobi. Boti inayokuja, nitasimama nyuma yako. Usiposikia, unapanda boti hiyo hiyo na kikapu chako."

Veronika alimutazama mudomo tu. Akasema, "Ndiyo, papa." Machozi yalishuka lakini hakuyapangusa.

Mama Lofemba aliniita kando. Alisema nimusimamie huyu mpaka boti ije, nimutie sheria mukononi kama yeye alivyonitia mimi. Nikasema mama, yule hana sikio la kufundishwa. Akaniambia yeye hakuniuliza habari ya sikio la Veronika, amenituma.

Basi nilimufundisha, na hapo mambo yakaanza kunichanganya. Tukikaa uso kwa uso, alishika haraka kuliko nilivyoshika mimi. Shavu, wanga, kola kuanzia kati kwenda pembe, yote. Nikigeuka kuchukua maji na kuongea bado, maneno yangu yalianguka chini. Nilikasirika. Nilijiambia ananidharau nikimupa mugongo.

Kisha beseni likaanguka. Beseni la bati, kubwa, likateremuka kutoka juu ya kabati mpaka juu ya saruji, nyuma yake kabisa. Julienne aliruka. Mimi niliruka, na mutoto wangu aliyekuwa analala kule chini ya meza akaamuka akilia. Veronika, hata unyoya wa shingo haukutikisika. Pasi yake iliendelea kwenda mbele, taratibu, kama muto wakati hakuna upepo.

Niliweka pasi yangu juu ya jiwe, nikamutazama. Maana nimelea watoto, ninajua mutu anayekataa. Mutu wa kukataa ukimuita, bega lake linashituka kidogo, jicho linakwenda pembeni, ndipo anajifanya. Lazima asikie kwanza ili akatae. Huyu hakuwa na kitu cha kukataa. Hakuna kilichomufikia!

Niliona kama mutu aliyefumbuliwa macho. Nikataka kuhakikisha, wala sikuwa na akili ya kufanya kwa upole. Nikasimama nyuma yake nikasema kwa sauti ya kutosha:

"Veronika, nyoka iko juu ya kikwembe chako, kiunoni."

Chumba chote kilipanda juu ya mabenchi. Julienne alipanda juu ya meza na mashuka yaliyopigwa tayari, miguu yote miwili. Mama mumoja alitoka kwa dirisha. Katikati ya vita hivyo Veronika alikuwa anapiga kola. Alimaliza upande mumoja, akainua kichwa kugeuza vesti, akatuona sisi wote juu, akashituka vibaya.

"Kuna nini?"

Kicheko kilitaka kuja kikakataa. Tulimutazama na yeye akatutazama, na akaelewa kwamba tumeelewa. Aliweka pasi vizuri juu ya jiwe, akakaa chini.

Alituambia yote. Surua ya utoto ilimuziba masikio. Midomo alijifunza kuisoma yeye mwenyewe, ya kwao vizuri, ya Kiswahili bado. Alifanya kazi kwa madame mumoja wa kizungu, huyo alipojua akamufukuza siku ile ile, akasema hataki mutu wa kupigiwa kengele bure. Ndiyo maana alificha. Papa Bolamba mwenyewe alitangaza wakati wa kutuandika kwamba muzungu wa dobi anataka watu wenye macho, masikio na mikono kamili.

"Musimuambie," alisema. "Karatasi yangu ikifa, mama atabaki na nani kwenye kile kitanda?"

Julienne alishuka mezani. Akaanza kukunjua mashuka aliyoyakanyaga, akasema bila kumutazama mutu kwamba yeye hajasikia kitu leo, kwani kuna mutu amesikia kitu? Tukasema hapana.

Lakini boti ilikuwa inakuja. Kunyamaza peke yake hakuweki pasi juu ya jiwe. Tulifikiri kumugusa, lakini kapita atakuwa nyuma yake, ataona mukono. Tulifikiri kumuonyesha kwa macho, lakini ukipiga pasi macho yako yako kwenye nguo, lazima. Siku mbili zilizobaki nilimufuata Veronika kwa jicho kama polisi. Na nikaona kitu kingine. Akiwa kwenye meza yake ya upande wa saruji, Papa Bolamba anaweza kuingia na viatu vyake vya misumari mpaka amufikie, yeye hajui. Akienda upande wa muto kuchukua makaa, kule kwenye mbao, kapita akikanyaga tu kizingiti, yeye anageuka.

Nilikimbia kwa Mama Lofemba. Nilisema maneno yote kwa pamoja, mbao, viatu, miguu, alinishika mikono ili ninyamaze. Kisha uso wake ukafunguka. Alisema baba yake alipozeeka masikio yalikufa, na bado vijana wakimupigia habari kwa ngoma alizipokea. Alikaa karibu, akazipokea kwa muguu mutupu juu ya ubao, na kwa tumbo. "Ngoma inasikiwa na mwili muzima," alisema. "Sikio ni dirisha tu, na nyumba ina milango."

Asubuhi yake alimuambia kapita kwamba mbao zinamuumiza magoti, anataka saruji, na wakabadilishana meza na Veronika. Papa Bolamba alisema mubadilishane hata vichwa, yeye anangoja boti. Tukapatana: king'ora kikilia, Mama Lofemba atakuja upande wa mbao na kupiga kisigino mara mbili. Mara moja inaweza kuwa mutu anapita. Mara mbili ni kwa Veronika. Tulifanya mazoezi kapita akienda kula. Kisigino, kisigino, pasi juu ya jiwe. Alishika mara ya kwanza. Tulicheka kama watoto wa shule, na yeye alicheka, sauti kubwa isiyojipima, ndiyo mara ya kwanza kuisikia.

Siku ya boti, hakuna aliyekula. Kazi ilikimbia tangu alfajiri. Papa Bolamba alikuja akasimama nyuma ya Veronika namna alivyosema, mikono mugongoni. Alisimama kimya, bila kusogea, viatu vyake havikusema neno. Mama Lofemba alijisogeza upande wa mbao akijifanya anahesabu taulo.

King'ora kililia.

Sijui nani alianza. Tulipatana ni Mama Lofemba peke yake. Lakini damu ilikuwa juu, miguu haikutuuliza. Chumba chote, wanamuke wote, hata wa saruji, kisigino mara mbili kwa pamoja, gu-gu! Madirisha yalilia. Vumbi la mwaka mzima likaanguka kutoka kwenye boriti. Na Veronika, pasi yake ilikuwa juu ya jiwe, kifuniko chini, jogoo amegeuka, kabla ya pasi yangu. Niliona kwa macho yangu. Kabla ya yangu.

Milango ikafunguliwa, upepo ukapita chumbani, hakuna cheche hata moja.

Papa Bolamba alitutazama mumoja mumoja.

"Leo munacheza?"

"Ni dansi ya kwetu Yanonge, papa," Mama Lofemba akasema. "Inaamusha mukono."

Kapita aliangalia mbao. Aliangalia miguu yetu mitupu. Hakuwa mujinga yule mutu, naye alikuwa mutoto wa muto, alizaliwa na ngoma. Kisha, akiwa bado nyuma ya mugongo wa Veronika, akasema kwa sauti ndogo:

"Veronika. Sasa unasikia?"

Yeye alikuwa anakunja vesti. Hakugeuka. Wapagazi walikuwa wanapita na vikapu, na mimi niliona kitanda cha hospitali, na yule mama juu yake. Meza yangu ilikuwa inafuata yake. Nikainua kisigino, nikapiga ubao, mara mbili, wazi, mbele ya macho ya kapita. Nisingeweza kuficha na sikujaribu.

Veronika aligeuka, akamuona, akaona mudomo wake unarudia neno la mwisho.

"Ndiyo, papa. Ninasikia."

Papa Bolamba aliangalia muguu wangu. Aliuangalia muda murefu, mpaka vidole vikaanza kuona haya. Kisha akachukua kalamu nyuma ya sikio, akairudisha bila kuandika, akasema na mulango:

"Bon, sawa. Anasikia."

Akatoka. Kesho yake asubuhi alipoingia, alisimama kizingitini, akapiga vile viatu vya misumari mara mbili juu ya ubao, ndipo akaita, "Veronika, kikapu." Alifanya hivyo kila siku mpaka alipoacha kazi, na kapita aliyemufuata alimuiga akifikiri ni alama ya cheo.

Mama yake Veronika alipona. Alikuja na fimbo yake kutuletea lituma, zile ndizi za kusonga, na samaki, akakaa kwenye benchi akitazama binti yake anapiga pasi, hakutaka kuondoka. Veronika alikaa nasi miaka, aliwafundisha wengi sheria ya jiwe, na kofi lake la bega lilikuwa zito kuliko la Mama Lofemba. Baadaye aliolewa Yangambi, akaenda. Sisi hatukuacha kupiga kisigino. Wapya walituona, wakapiga. Wapya wao wakawaona wao.

Na sasa niwaambie ile siku yangu ya mwisho kazini, maana hamukuona. Nilikuwa na kola mukononi, ninaimaliza. Masikio yangu yamechoka kitambo, nilikuwa ninawaambia munaongea chini kwa uvivu. King'ora kililia, ninyi mulikisikia. Mimi sikukipata. Nilisikia ubao unatetemeka chini ya miguu yangu, mara mbili, ninyi wote kwa pamoja, na mukono wangu ukaweka pasi juu ya jiwe.